Tabibu wa Simu na Tabibu wa Mkono

Uko mjadala ambao siku hizi hauishi katika mabaraza yetu ya Pwani. Uusikie Mji wa Kale hapa Mombasa baada ya sala ya isha, uusikie Langoni kule Lamu watu wanywapo kahawa, maneno ni yale yale. Upande mmoja hukaa vijana, nao husema kwamba mgonjwa wa leo hana haja ya kutoka mlangoni mwake. Hushika simu, akamwona tabibu na tabibu akamwona, akaeleza maradhi yake, akaandikiwa dawa, na dawa ikaletwa na kijana wa pikipiki kabla chai haijapoa. Upande wa pili hukaa wazee, nao huapa kwamba tabibu asiyekushika mshipa hakukutibu. Amezungumza nawe tu, na mazungumzo hata kinyozi ayaweza.

Mimi nimezisikiliza pande zote mbili, na naona kila mmoja asema kweli, ila ni kweli ya nyumba yake. Mtu wa Kizingo hapa Mombasa, mwenye hospitali karibu naye za kumtosha, anapochagua simu huwa anachagua baina ya tabibu na tabibu. Mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, akichagua simu aghalabu huwa anachagua baina ya tabibu na hakuna. Basi ukiwauliza wote wawili swali moja, "Wapenda simu au wapenda kuonwa?", majibu yao hayafai kutiwa katika kapu moja, hata kama maneno watakayotamka ni sawasawa.

Na swali lenyewe si la porojo. Mwezi wa Oktoba 2023 Kenya ilipata Sheria ya Afya ya Kidijitali, nayo imeyatambua matibabu ya mbali kuwa ni sehemu ya huduma za afya nchini. Hospitali kubwa za Mombasa na Nairobi zina saa zao za kuonana na wagonjwa kwa simu. Madaktari wengi, hata wale wasiotangaza, hupokea picha za vipele na karatasi za maabara kwa WhatsApp usiku na mchana. Jamaa zetu waendao India kutibiwa, wakisharejea makwao, huendelea kuulizana hali na matabibu wao wa Chennai na Mumbai kwa njia hiyo hiyo. Mgeni amekwisha ingia nyumbani. Lililobaki ni kujua alazwe chumba gani.

Tena tusidhani ni mgeni wa juzi. Alikuwako tabibu mkubwa, Abu Bakr al-Razi, aliyesimamia hospitali za Rayy na Baghdad na kufariki katika karne ya 10 ya miladi. Miongoni mwa vitabu vyake vingi kimo kimoja alichokiita Man la yahduruhu al-tabib, yaani kitabu cha mtu asiyehudhuriwa na tabibu. Alikiandika kwa ajili ya maskini, na msafiri, na mtu aliye mbali na mji, apate kujua tiba ya maradhi ya kawaida kwa vitu vipatikanavyo jikoni na sokoni. Mtu aliyekuwa na hospitali nzima mikononi mwake alijua kwamba wagonjwa walio wengi hatawaona kwa macho, wala hawatakuwa na njia ya kumfikia. Akawaandikia. Lau simu ingalikuwako, sidhani kama angaliikataa.

Katika zama hizo pia ilikuwa ada mgonjwa kutokwenda mwenyewe kwa tabibu, bali kupeleka mkojo wake ndani ya chupa ya kioo. Tabibu akaitazama rangi yake na mashapo yake, akamwuliza mjumbe maswali mawili matatu, akatoa hukumu. Na hapa kwetu, nani asiyejua desturi ya bwana kwenda peke yake kwa daktari, kueleza maradhi ya mkewe aliyebaki nyumbani? Daktari huuliza, "Maumivu yako upande gani?" Bwana hukuna kichwa, akasema ngoja nikaulize. Huo ulikuwa utabibu wa simu bila ya simu, na ulikuwa mbaya kuliko huu wa sasa, kwa kuwa leo bibi angalau hujisemea mwenyewe.

Mabaharia nao wanayo historia yao. Tangu mwaka 1935 kiko kituo mjini Roma kiitwacho CIRM, kilichoanzishwa na daktari Guido Guida, na rais wake wa kwanza alikuwa Guglielmo Marconi, yule yule wa redio. Kazi yake ni kuvishauri vyombo vilivyo baharini bila ya daktari. Nahodha hueleza dalili za mgonjwa, na tabibu aliyeko nchi kavu humwambia afungue sanduku la dawa na ampe kitu gani, au ageuze chombo aelekee bandari iliyo karibu. Kituo hicho hakitozi fedha. Na katika Afrika Mashariki yetu, madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, walizungumza na hospitali za mbali kwa redio miaka mingi kabla ya simu hizi za mkononi kuzaliwa.

Kwa hiyo vijana wana al-Razi upande wao. Lakini wazee nao wana Ibn Sina, na huyo si wa kupuuzwa. Katika kitabu chake cha al-Qanun, Ibn Sina ameeleza namna ya kumjua mtu aliyeugua kwa mapenzi ilhali hataki kusema ampendaye. Tabibu humshika mshipa wa mkono, na huku akitaja majina, moja baada ya jingine, na sifa, na mitaa. Mshipa ukiruka kwa jina fulani, ukaruka tena lirudiwapo, basi siri imekwisha toka. Lau tabibu angalimwuliza kijana huyo kwa simu, angalijibiwa kwamba ni homa kidogo na kukosa hamu ya chakula, akaandikiwa vidonge. Mkono huambiwa mambo ambayo sikio halitaambiwa, na hiyo ndiyo hoja ya wazee, ijapokuwa wao huieleza kwa ukali zaidi.

Hapo hapo pana kisa cha tatu, nacho kimo katikati. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za maradhi ya moyo. Kanuni ya kumsikiliza mgonjwa siku zile ilikuwa tabibu kuweka sikio lake kifuani pake. Laennec aliona haya kwa umri wa yule mwanamke na jinsi yake, akachukua karatasi akaikunja ikawa kama bomba, upande mmoja kifuani na upande wa pili sikioni. Akastaajabu kuwa moyo ulisikika wazi kuliko alivyopata kuusikia kwa sikio tupu. Baadaye akachonga bomba la mti, na hicho ndicho asili ya chombo cha kusikilizia ambacho kila daktari hukivaa shingoni leo. Naam, umbali wa shubiri moja, uliotiwa kwa ajili ya stara, ulizidisha ujuzi badala ya kuupunguza. Basi si kila kinachoingia baina ya tabibu na mgonjwa ni hasara. Inategemea kinaleta nini na kinazuia nini.

Turudi kwa watu na wapendacho. Wamarekani, ambao hupenda kuhesabu kila kitu, waliwauliza watu wao. Mwezi wa Machi 2021 watafiti wa RAND waliwauliza watu wazima 2,080: ikiwa una shida isiyo ya dharura, na umepewa hiari, wataka kuonana na daktari kwa video au ana kwa ana? Asilimia 53 walitaka ana kwa ana. Waliotaka video walikuwa kama asilimia 21, na waliobaki hawakuwa na upande. Kumbuka, ndugu msomaji, hao ni watu wenye intaneti ya kasi majumbani, tena walikuwa wamekwisha kaa mwaka mzima na hofu ya korona. Kisha wakaulizwa mara ya pili na bei ikitajwa. Video ilipofanywa rahisi kuliko kuonwa, nusu ya waliotaka kuonwa walibaki pale pale, na karibu robo yao wakahamia video. Bei ilipogeuzwa, video ikawa ndiyo ghali, katika wale walioipenda hawakubaki nayo hata mmoja kwa watano.

Mimi hufasiri hivi: wengi waipendao simu hupenda urahisi wake, nao ukiondoka, mapenzi nayo huondoka. Waupendao mkono huulipia. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa Wamarekani, hatuna sababu ya kuwacheka bibi zetu.

Kwetu sisi mtihani ulikuja mwaka 2020. Mwezi wa Machi maradhi ya korona yalitangazwa nchini, misikiti ikafungwa, na Aprili ikapigwa marufuku kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Mwezi wa Mei, tukiwa katika Ramadhani, Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Ndipo watu wengi, ambao hawakupata kuwaza jambo hilo, walipoanza kumweleza daktari presha yao kwa simu. Wengine waliogopa hospitali kuliko maradhi, maana hospitali ndiko yaliko maradhi. Wapo walionusurika kwa simu hizo, hasa watu wa sukari na presha waliokuwa na dawa zao tayari na haja yao ni kuambiwa waongeze au wapunguze. Milango ilipofunguliwa, wengi walirudi kwenye viti vya kungojea, wakakaa foleni kama zamani, na kulalamika kama zamani. Lakini wapo ambao hawakurudi kamwe, na katika hao nadhani wanawake si haba.

Hapa pana jambo ambalo watu wa barazani hulipitia mbio, kwa kuwa barazani hukaa wanaume. Husemwa kwamba simu ni stara kwa mwanamke. Hatoki, hapangi foleni mbele ya macho ya watu, hakutani na jirani mlangoni pa chumba cha maradhi ya kike akarudi na habari yake mtaani kabla yeye hajafika. Tena aweza kumchagua daktari mwanamke hata kama yuko Nairobi, ilhali katika zahanati ya mtaani pake aliyeko ni mwanamume mmoja tu. Hayo yote ni kweli, na ni neema isiyo ndogo. Najua wanawake ambao wamebeba maumivu ya tumbo la chini miaka, si kwa kukosa nauli, bali kwa kukosa wa kumwambia.

Lakini tazama nyumba zetu zilivyo. Chumba kimetenganishwa na kingine kwa pazia, mama mkwe yuko ukumbini, watoto wameegemea mlango, na simu yenyewe huenda ni ya mume. Mwanamke huyo atamweleza nini daktari? Atasema kichwa chamuuma. Mambo ya uzazi hatayasema, wala kwamba halali usiku kwa huzuni, wala alama iliyoko mkononi imetoka wapi. Kwake yeye, safari ya hospitali ndiyo stara. Ndiyo saa moja katika mwezi ambayo amekaa chumbani na mtu aliyeapa kutunza siri, mlango umefungwa, na hakuna wa ukoo wake anayesikia. Ukimwondolea safari hiyo ukamwachia simu, umemfungia dirisha lake la pekee na kumwambia umemrahisishia.

Kwa hiyo stara ina pande mbili, na anayejua upande upi wamfaa ni mwenye maradhi peke yake. Mabwana na wakwe wasimchagulie.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 nayo ina la kusema. Katika Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi, waliokuwa na simu zao wenyewe walikuwa asilimia 47.3, na waliotumia intaneti asilimia 22.6. Bila ya shaka wameongezeka tangu hapo. Hata hivyo, mtu husema "siku hizi kila mtu ana simu" kwa wepesi mno, na aghalabu asemaye hivyo ni mwenye simu mbili.

Sasa tuje kwenye maradhi yenyewe, maana mwili hauna siasa. Yako mambo ambayo simu yatosha kabisa. Mtu wa presha aliye na kipimo chake nyumbani, aliyekwisha andika vipimo vya wiki mbili, hana sababu ya kupanda matatu mbili kwenda kumsomea daktari karatasi. Majibu ya maabara yaweza kuelezwa kwa simu. Mtu mwenye huzuni nzito au wasiwasi, akiwa na faragha, huenda akasema zaidi gizani kwa simu kuliko mbele ya uso wa mtu. Mtoto mwenye kikohozi, mama aweza kufundishwa kwa simu amfunue kifua na kuhesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua upesi kupita kiasi, na wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi 40 au zaidi. Hesabu hiyo haihitaji shule kubwa, na huenda ikamtoa mtoto nyumbani usiku ule ule badala ya kungoja asubuhi.

Yako mengine ambayo simu haiyawezi, na anayesema yawezekana anauza kitu. Malaria, ambayo Pwani hatujaachana nayo, haijulikani kwa sura wala kwa sauti. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limesema damu ipimwe kwanza kila inapowezekana ndipo dawa itolewe. Tabibu wa simu akisema "hiyo ni malaria, nenda dukani ukanunue", amebahatisha sawasawa na jirani yako. Tumbo linalouma upande wa kulia chini lataka kubonyezwa na mkono unaojua. Mja mzito aliyevimba uso na kuumwa na kichwa lazima apimwe presha na mkojo wake utazamwe siku ile ile, kwa kuwa nyuma ya uvimbe huo huenda pakawa na kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba huua wawili.

Na kubwa kuliko yote, kwa jinsi sukari ilivyoenea majumbani mwetu, ni mguu. Mtu wa sukari hupoteza hisi ya nyayo. Hukanyaga msumari asijue. Kidonda hicho hakiumi, na kwa kuwa hakiumi, hatakitaja kwa simu. Daktari atamwuliza, "U hali gani?", naye atajibu, "Alhamdulillahi." Mkutano umekwisha. Lakini daktari aliye mbele yake humwambia avue kiatu, akapitisha kidole baina ya vidole vyake, akanusa, akagusa, akajua papa hapa ganzi imeanzia wapi. Kuna watu wanaotembea kwa mikongojo leo ambao kila mwezi waliambiwa na mtu aliye mbali kwamba wako vizuri.

Hofu yangu basi haiko kwa simu. Iko kwa wale watakaoitumia simu kama kisingizio. Watu wa Faza, Kiunga na Ndau wameomba madaktari miaka nenda miaka rudi. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, mgonjwa wa huko kumfikisha hospitali ya King Fahd mjini Lamu ni shughuli ya ukoo mzima: kutafuta boti, kutafuta mafuta, kutafuta nahodha mwenye moyo. Akihitaji bingwa zaidi ya hapo, kuna kuvuka hadi Mokowe kisha barabara ya zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa. Katika hali hiyo, mkubwa fulani akija na skrini akasema, "Tumewaletea daktari," ni rahisi sana kumpigia makofi. Swali la kumwuliza ni moja: Je, skrini hii imekuja pamoja na muuguzi, maabara na boti ya wagonjwa, au imekuja badala yao?

Jirani zetu wa Rwanda wana funzo ambalo ni vyema tulitazame kwa utulivu. Mwaka 2016 kampuni ya London iitwayo Babylon ilifungua huduma huko kwa jina la Babyl. Watu walipiga kwa simu za kawaida, zile za vitufe, wakazungumza na muuguzi au daktari, na wakapelekewa namba ya kuchukulia dawa au kupimiwa maabara. Serikali iliiunga mkono, bima ya afya ya jamii ikailipia, na waliojiandikisha walizidi milioni 2. Kwa nchi ndogo kama ile hiyo si idadi ya mchezo. Watu waliipenda kwa sababu ile ile ya mtu wa Kizingitini: iliwaokolea siku nzima ya kutembea. Kisha mwaka 2023 kampuni mama ya London ikaanguka kwa madeni na hasara, na huduma ya Rwanda ikafa pamoja nayo. Wagonjwa hawakuwa wamekosea lolote. Zahanati ya matofali, hata ikiwa mbovu, haiondoki usiku kwa sababu wenye hisa wa ng'ambo wamefilisika.

Wahindi wamekwenda kwa njia nyingine, nami naiona ina busara. Huduma yao ya serikali iitwayo eSanjeevani, iliyoanza mwaka 2019, ina sehemu ambayo mgonjwa haachwi peke yake na simu. Huenda katika kituo cha afya cha kijijini kwao, ambako yuko mhudumu wa kumpima presha, joto na damu, na mhudumu huyo ndiye ampigiaye daktari aliye hospitali ya mjini. Mkono uko karibu na ujuzi uko mbali, na vyote viwili vimekutana kwa mgonjwa mmoja. Mgonjwa mzee hasumbuki na vitufe. Mwanamke huzungumza nje ya nyumba yake. Na daktari hapokei "Alhamdulillahi" peke yake, hupokea na vipimo.

Sisi tunazo kuni za moto huo, ila hazijapangwa vizuri. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 nchini kote, nao wakaahidiwa mikoba yenye kipimo cha presha, kipimo cha sukari, cha joto, na simu. Mhudumu kama huyo akikaa kitako juu ya mkeka wa bibi kule Siyu, akamvua viatu, akamtazama nyayo, kisha akampigia daktari wa Lamu akamwonyesha, huo ni utabibu kamili ambao wazee wa barazani hawawezi kuuita porojo, na vijana hawawezi kuuita ushamba. Lakini wahudumu hao wawe wanalipwa kwa wakati, na mikoba yao iwe na vijiti vya kupimia sukari, maana kipimo kisicho na vijiti ni pambo.

Liko jambo la matapeli, nalo sitalirefusha. Al-Razi mwenyewe aliandika kuwakemea matabibu wa uongo wa zama zake na kuuliza kwa nini watu huwakimbilia wakaacha wenye elimu. Wa leo wamevaa koti jeupe katika picha, wana sauti tamu, na hutaka fedha zitumwe kwa simu kabla hawajauliza jina lako. Daktari wa kweli nchini Kenya ana namba ya usajili katika Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na mgonjwa ana haki ya kuiuliza. Vilevile picha za mwili wako na karatasi zako ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imezihesabu habari za afya kuwa ni katika zile za kulindwa zaidi. Mwenye kuzisambaza katika vikundi vya WhatsApp, hata akiwa na nia ya kuuliza wenzake, amefungua pazia lisilo lake.

Basi ewe ambaye leo usiku utampigia daktari kwa ajili ya mama yako, ziweke karibu dawa zake zote, hata zile za majani, uzitaje moja moja. Jua homa ilianza siku gani. Kaa pahali penye mwangaza, kwa kuwa wekundu wa kipele juu ya ngozi nyeusi hupotea katika picha ya gizani. Mwambie kila mtu atoke chumbani, nawe pia toka kama mama ataka kusema peke yake. Na kabla hamjaagana, muulize daktari dalili gani ikitokea mfanye safari bila ya kungoja kukicha, na iwapo itakuwa ni safari, ni kwenda wapi, na nani aliyeko huko usiku huo. Maana kutoka Kizingitini, na kusi likivuma, boti haitoki mara mbili.